Pambizo

Nimelitandaza jarida mezani, kurasa thelathini na mbili,
wino haujakauka vizuri, kidole kikipita kinaondoka na herufi.
Nje, Kiborloni yote, mvua inapiga mabati.
Ndani mashine imepoa.

Nianze na jalada.
Jina liko juu, jekundu, limejaa toka ukingo hadi ukingo,
hapo sina ugomvi.
Chini yake Kundaeli na gita lake la besi:
nimemweka ndani ya umbo la yai,
kingo zikififia taratibu kwenye weupe,
na pembeni, Mungu anisamehe, ua la yungiyungi.

Miaka kumi na moja napanga ratiba za mazishi.
Wasifu, wimbo namba hamsini na tatu,
shukrani kwa madaktari na wauguzi,
familia itasimama upande wa kulia.
Mkono umezoea. Ukipewa uso
unautafutia yai na mwanga wa mshumaa.

Ukurasa wa nne: safu mbili zimebanana
kama ndugu kwenye kitanda kimoja,
hakuna uchochoro wa jicho kupita.
Muziki una kimya kati ya pigo na pigo;
kimya hicho mimi nimekijaza matangazo ya saruji.

Katikati, kumi na sita na kumi na saba,
picha moja imelala kurasa mbili:
bendi nzima ukumbini Majengo, usiku ule umeme ulipokatika
na wao hawakuacha kupiga.
Picha nzuri. Ila pini ya kwanza imepita kooni mwa Ndeanansia,
na ya pili imemnyang'anya mpiga tumba mkono.
Nilipima kwa rula. Sikupima kwa sikio.

Na maelezo ya picha? Pointi sita, kijivu juu ya nyeusi,
majina ya watu yamefichwa kama deni.

Jumatano Kundaeli alikuja mwenyewe, na mwavuli,
akalishika jarida mbali, mkono ukanyooka wote,
maana miwani aliisahau Rau.
Akatazama. Akauliza,
"Nimefariki lini? Na mbege ya matanga imepikwa kwa nani?"
Akacheka mpaka akakohoa, akakaa juu ya boksi la karatasi.
Mimi sikucheka.

Usiku huu nimelifungua faili upya.
Nimelivunja yai.
Shingo ya gita sasa inaikata herufi ya mwisho ya jina,
inavuka ukingo, kisu cha mashine kitaipitia,
iendelee huko nje ambako karatasi haifiki.
Pambizo ya kushoto nimeiacha tupu, upana wa vidole vinne.
Eliaringa atauliza hapo tunauza nini.

Ua sijalifuta.
Nimelihamishia ukurasa wa mwisho, dogo,
kwa fundi mitambo wao aliyetutoka Mei,
ambaye hakuna picha hata moja iliyomkumbuka,
na jina lake nimelipandisha pointi kumi na nne.