Neno la Juu ya Mstari

Kaskazini ya Uingereza, kabla haijaitwa Uingereza,
mtawa Tilwine alipuliza vidole vilivyokufa ganzi.
Mbele yake ngozi ya ndama, Kilatini kimejipanga
kama ukuta wa mawe; na kazi yake ndogo:
juu ya kila neno la Roma apachike,
kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, neno la nyumbani.

Maji: ameandika. Mkate: ameandika.
Kisha sanctus, na kalamu ikagoma.

Alimuuliza Padri Ecgred, naye akajibu huku akikohoa:
"Ni kile kilichotengwa. Kilichozungushiwa ua.
Kisichoguswa."

Tilwine akaitikia kwa kichwa, asiandike kitu.
Ua anaujua. Baba yake alijenga nyua, za nguruwe.

Aliyemjia ni mama yake, Hereswith, sokoni siku ya mvua,
mbele ya mfinyanzi mwenye maneno mengi,
akiinua chungu, akikigonga kwa kifundo cha kidole,
sikio limeinama. Chenye ufa kilikoroma.
Kile kingine kikaimba, naye akatamka moja tu:
hal.
Kizima.

Ndilo alilolinena akipapasa mguu wa ndama aliyeteguka,
na usiku ule homa ilipomwachia mdogo wake Beorn,
shuka limelowa, akaomba uji.
Ndilo jirani alilowarushia asubuhi juu ya ua:
uwe mzima.

Basi akalitia mkia mfupi, kama fundi atiavyo jembe mpini,
halig,
akaliweka juu ya neno la Roma, likakaa.
Pengine alikuwa wa kwanza. Pengine wenzake mia
walishaliandika zamani, yeye hakuambiwa.
Wino hausemi.
Akazima mshumaa, akaenda kusali na vidole vyeusi.

Sisi tulipita njia ya mtoni. Takatifu: kilichotakata,
nguo iliyofuliwa, ikasuuzwa, ikasuuzwa tena
hadi maji yakakataa kuchafuka.
Wao walipitia kwa mfinyanzi.
Sijui nani alitangulia kufika.

Ila mtu akiniuliza asubuhi, "U mzima?"
mimi niliyezoea kujibu "Mzima" huku natafuta kiatu cha pili,
siku hizi nasita kidogo,
najigonga kifuani kwa kifundo,
nasikiliza.