Pamoja na Vilivyomo Ardhini

Agosti haijaisha, na Helve keshaingia uani kwangu
na mkasi wake wenye kutu, bila hodi.
"Kata vichwa vya minyanya. Vyote.
Mche ukiuachia, utarefuka tu kwa majivuno,
nawe utabaki kula majani."
Nikakata. Harufu ile kali
ilinikaa vidoleni siku tatu, nikaila na mkate.

Ni mwaka wangu wa kwanza kuwa na udongo.
Nyumba niliinunua Machi, bustani ikiwa chini ya theluji,
kama mtu anayenunua kitabu kilichogandishwa kurasa.
Mzee Meinhard alikwishahamia kwa bintiye, Pärnu.
Kwenye mkataba aliongeza mstari mmoja kwa mkono:
*pamoja na vilivyomo ardhini.*
Mwanasheria alicheka. Mimi nilitia sahihi.

Septemba, matufaha.
Huku Tartu kila lango lina ndoo na kibao: Chukua.
Lakini achukue nani, na kila mtu ana mti?
Jioni niliweka ndoo tano nje.
Asubuhi nikazikuta saba.

Mtaka cha udongoni sharti ainame:
niliinama wiki nzima, viazi vikatoka
vingine kama ngumi, vingine kama gololi,
kimoja kimekatwa pande mbili na jembe langu jinga.
Helve ana shimo la kuhifadhia, lenye mlango na ngazi.
Mimi nina bafu. Sasa naoga kwa beseni.

Nyanya zilizokataa kuiva nimezilaza dirishani
juu ya magazeti ya uchaguzi uliopita.
Zinageuka nyekundu moja moja, bila haraka,
juu ya mashavu ya mawaziri.

Halafu simu, saa nne usiku.
"Ni leo," alisema Helve, akakata.
Nikatoka na shuka. Mtaa mzima ulikuwa nje na tochi,
watu wamevaa makoti juu ya nguo za kulalia,
wanafunika maboga kwa mablanketi ya maua,
wanachomekea pembeni, kwa upole
ambao sijawahi kuwaona wakioneshana.
Ülo, ambaye hasalimii mtu,
alitandika kitambaa cha meza cha harusi yake
juu ya kabichi sita.
"Wewe, shuka yako fupi," aliniambia.
Ndiyo maneno yetu ya kwanza.

Sakitu ilikuja kabla ya alfajiri.
Dalia, zilizokuwa manjano kama jina lao,
zilisimama nyeusi, zimechemka kwa baridi.
"Usizililie," Helve alisema. "Zenyewe ziko chini."
Tukazifukua, tukazipangusa,
tukazizika tena ndani ya sanduku la mchanga,
na sanduku likaenda bafuni, kwa viazi.

Ikabaki kazi ya mwisho, vitunguu saumu.
Nilikuwa nachimba kando ya uzio
jembe lilipogusa kitu laini. Nikapiga magoti.
Vichwa vidogo, vingi, vimejipanga mistari minne,
maganda ya kahawia kama karatasi ya zamani,
na kila kimoja kina pua nyeupe, imeelekea juu.
Majira ya kuchipua yaliyopita hapa palikuwa na nyasi tu.
Au sikuangalia.

"Ni nini hivi?"
Helve aliegemea uzio, akatazama muda mrefu.
"Meinhard alikuwa hamwambii hata mkewe."
Akanipa namba ya Pärnu, iliyoandikwa nyuma ya risiti.
Nikaishika. Nikaitia mfukoni.

Nikavirudisha, kimoja kimoja, pua juu,
nikavifunika majani makavu ya mti wa tufaha.
Hatua moja pembeni nikapanda vya kwangu,
punje arobaini na moja. Nilizihesabu
na nikaandika ukutani, kwa penseli,
maana mimi najijua.