Ukucha wa Kabwit

Kabwit haamini macho. Alipitisha ukucha
wa kidole gumba juu ya shafti yangu,
polepole, kama mtu asomaye barua ya deni,
na ukucha ukakwaruza: krr, krr.
"Ngozi ya kenge," akasema. Akarudia chai yake.

Chuma hiki si kile cha mageti ya Katuba.
Kina kromu ndani, kina ukaidi wa kuzaliwa.
Kilikuwa ekseli ya lori la mgodini
lililokufa kwenye barabara ya Likasi;
sasa nakikereza kiwe shafti ya pampu
ya Mama Musau, anayengoja mlangoni
na ndoo zake saba.

Nilikiendea kwa heshima:
mwendo wa chini, kisu kikigusa tu,
unywele kwa unywele.
Hakikukatika. Kiliraruka.
Kikajibandika kwenye ncha ya kisu,
kikawa kisu juu ya kisu, butu juu ya kali,
kikachimba mifereji, kikabanduka,
kikajibandika tena.

"Unakibembeleza," Kabwit alisema bila kugeuka.
"Kwani ni mtoto mwenye homa? Kikate."

Nikabadilisha kisu. Nikachagua chenye ncha
ya mviringo, mdogo kuliko punje ya mtama.
Nikapandisha mwendo hadi bisibisi mezani zikatetemeka,
nikazamisha robo milimita,
robo nzima, moyo ukiwa kooni,
nikaachia mashine ijivute yenyewe.

Nyuzi zikatoka za buluu, zikajikunja, zikakatika,
zikinuka mawese
(mafuta ya kukatia yaliisha Jumanne).
Na nyuma ya kisu, kitu nisichowahi kukitengeneza:
dirisha. Bati la paa ndani yake. Pua yangu.

Ndipo umeme ukakatika.

Tulikaa gizani saa nzima.
Ndoo moja ilianguka, hakuna aliyecheka.
Uliporudi nikamalizia vidole viwili vilivyobaki.

Kabwit akaja na ukucha wake.
Kimya. Kimya. Kimya. Krr.
Kimya.

"Hapo palipokwaruza ni umeme," akasema, "si wewe."
"Itavuja?" Mama Musau akauliza.
"Pete iko nje ya sili, mama. Maji hayataijua."

Kisha akapitisha ukucha tena,
kutoka mwanzo hadi mwisho,
bila sababu.