Kielelezo Kisicho na Namba

Kazi yangu ni kutia namba.
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la mbolea, Kisumu,
ofisi ya Wakili Akumu na Wenzake
(wenzake ni mmoja, naye yuko likizo ya uzazi),
mimi na kalamu nyekundu, pembe ya juu kulia,
moja, mbili, tatu,
hadi kidole gumba kife ganzi.

Leo ni kesi ya mpunga.
Ogweno dhidi ya Mudaki.
Milioni nne na laki sita, pamoja na riba,
na kinu kule Ahero kilichotiwa kufuli mbili,
ya mdai na ya mdaiwa,
panya ndani wakila
bila amri ya mahakama.

"Selpha," huniambia wakili wangu,
kwa sauti ya mtu apimaye dawa kwa kijiko,
"jaji hasomi moyo. Jaji husoma ukurasa."
Basi nazipanga kurasa.
Hati ya ubia, ya mwaka ule wa mafuriko,
sahihi mbili zimebanana
kama watu chini ya mwavuli mmoja.
Barua ya kwanza: Ndugu yangu Mudaki.
Ya pili: Bwana Mudaki.
Ya tatu haina salamu,
imeanza na tarehe, ikaingia moja kwa moja kwenye siku kumi na nne.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hawa wana madaftari saba.
Kila gunia limo, kila lita ya dizeli,
hata soda ya fundi aliyekuja kutazama mkanda
akasema atarudi.
Mali haikupotea.
Kilichopotea hakikuwa na safu yake.

Mia mbili na kumi na mbili:
risiti ya mbao, Kibuye, elfu thelathini na nane.
Hii naijua. Aya ya kumi na tisa ya utetezi inaitaja kwa jina:
mbao hizo ghala halijapata kuziona,
mdai na aeleze alizipeleka wapi.
Naigeuza, kwa mazoea tu.
Nyuma kuna penseli, mwandiko wa Ogweno,
herufi zimeinama kama mche uliopigwa na upepo:
Jeneza la mama yake M.
Usimdai.

Nikatia namba. Nikaendelea.
Nilikuwa nimeshafika mia tatu na arobaini
Ogweno alipopanda ngazi, kofia mkononi, akihema.
Wakili akamwekea risiti mezani, kifudifudi.
"Hii inakusafisha," akasema.
"Aya ya kumi na tisa nzima inaanguka."
Mzee akaitazama kwa muda mrefu.
Huko chini muuza mbolea alikuwa akibishana na mtu juu ya chenji.
"Itoe."
"Utazikosa elfu thelathini na nane."
"Nizikose."
"Na jaji atadhani ulizila."
"Wakili, nilikuja hapa kudai kinu.
Yule mama alinilisha miezi minne.
Sitamfukua ili nishinde."

Wakili Akumu hakujibu. Alivua miwani,
akaifuta, akaivaa, akaandika:
Kiasi hicho mdai anakikubali.
Sentensi fupi kuliko zote alizowahi kuandika,
na mteja hakutozwa.

Jumatano, nje ya chumba cha mahakama,
wamekaa benchi moja, ncha hii na ile,
katikati nafasi ya mtu wa tatu.
Mudaki akakohoa. Ogweno akatazama dari.
Kesi ikatajwa, ikaahirishwa hadi Oktoba;
mmoja akashuka ngazi za mbele,
mwingine akatafuta za nyuma.

Nami nikarudi kwenye kalamu yangu.
Toka mia mbili na kumi na mbili kwenda mbele
kila ukurasa sasa una namba mbili,
moja imekatwa, moja imesimama,
kurasa mia na ishirini na nane zilizosogea hatua moja
kumpisha mtu apite.
Jaji akiuliza
nitasema mkono uliteleza.