Siku ya Ishirini na Nane

Kazi yangu ni kuvunja.
Wenzangu wanajenga daraja, mimi navunja,
na mshahara tunapanga foleni moja.

Kila lori la zege likiteremka bonde la Msimbazi
nakinga karai kabla halijamwagwa.
Najaza kalibu sita, nashindilia kwa chuma,
mapigo thelathini na tano kila tabaka,
nahesabu kwa sauti ili Shomvi wa pampu asinisemeshe.
Kesho yake nafungua:
michemraba sita ya kijivu, pembe bado laini
kama utosi wa mtoto mchanga.
Mchanga. Lugha ilijua kabla ya maabara.

Naiandika kwa nta: nguzo, tarehe, saa.
Naizamisha kwenye tangi.
Zege halikauki, Siwema, alinifunza Mhandisi Rweyongeza,
zege linakunywa. Linyime maji wiki ya kwanza
uone litakavyokudai uzeeni.

Siku ya saba, mitatu.
Siku ya ishirini na nane, mitatu iliyobaki.
Mashine inabana, namba zinapanda,
kimya, kimya, vumbi jembamba pembeni,
halafu pah!
Uliovunjika vizuri hubaki piramidi mbili
zimegusanisha vichwa kama watu wanaoteta.

Sijamwambia mtu kazini
kwamba nguzo ya kumi na moja imesimama jikoni kwetu.
Nilipima kwa miguu kutoka kona ya msikiti,
hatua mia na nne, kama nilivyokuwa nikitumwa chumvi.
Hapa palikuwa na ukuta, mama aliuandika kwa penseli:
maji yalifika hapa, Desemba ile;
hapa, mwaka aliozaliwa Pazi;
hapa, juu ya swichi, tukalala batini.
Kisha wakaja watu na rangi nyekundu
wakaweka X juu ya penseli.
Mama hakulia. Alisema: maskini,
mtu mzima huyu, jina lake hajui kuliandika.
Sasa yuko Msongola, ndani ya fidia yake ya vyumba viwili.

Siku ya ishirini na nane ya nguzo ile
ilitakiwa arobaini.
Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na tisa.
Nikafuta kioo cha mashine kwa mkono wa ovaroli,
nikatazama tena.
Msimamizi Kilindo akafunga mlango taratibu.
"Dada, ya nguzo ya tisa imebaki mingi, vunja hiyo.
Siku ya kukata utepe imeshapangwa,
hata mahema yamelipiwa."
Nguzo haijui hema.
Nikaandika thelathini, kalamu ikatoboa karatasi.

Waliichimba kwa nyundo za upepo siku tisa.
Jiko letu likawa tupu mara ya pili.
Mama akapiga simu: nasikia wamebomoa tena?
Nikasema, safari hii ni mimi.
Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
Kisha: "Umekula?"

Zege jipya lilikuja usiku, chini ya taa.
Nikajaza kalibu ya saba, isiyo kwenye fomu.
Siku ilipotimia, sita ikapasuka nikiridhika;
ule wa saba nikaupakia kikapuni chini ya vitunguu,
kilo nane, mpaka Msongola.

Mama akaugeuzageuza, akasoma nta.
"Unabeba nini?"
Malori, mama. Mabasi ya mwendokasi, kwenda na kurudi.
Akaupeleka kona ya ukumbi,
akaweka mtungi juu yake,
akausukuma kwa goti kuhakikisha.

Tukala. Nilipokwenda kunawa
mtungi ulikuwa unatoka jasho,
na zege lile limekoza weusi juu, linakunywa bado.
Ubavuni, kwa penseli,
mama alikuwa ameshachora mstari mmoja mfupi,
bila mwaka.