Mizani Haikupatikana

Saa moja asubuhi, Newala, ukungu bado umelalia mabati ya ghala,
nikabonyeza kitufe na programu ikakataa kuamka.
Ikaandika mstari mmoja, kama karani mwenye kiburi:
libmizani.so.2: hakuna faili wala folda ya jina hilo.

Nje magunia ya korosho yamepanga foleni tangu alfajiri,
na wenyewe wamekaa juu yake,
maana gunia lisilokaliwa hutembea.

"Kimekosekana nini?" akauliza Bi Somoe, mpimaji.
Nikasema maktaba. Ningesema kingine.
"Maktaba ipo, nyuma ya shule. Ufunguo anao mwalimu Nandonde,
ila leo Jumamosi."

Nikaandika ldd. Ikanipa ukoo mzima:
huyu anamtegemea yule, yule kasimama mabegani mwa mwingine,
arobaini na moja, kila mmoja na anwani ya nyumba yake,
isipokuwa mmoja: mshale,
na mbele ya mshale, pengo.
(Shairi hili nalo mizani yake haionekani.
Nimeitafuta. Basi tu.)

Nikasaka kwa find kuanzia mzizi wa diski.
Feni ikavuma dakika tisa. Patupu.
Nikapanda ngazi ya ghala kuwinda mtandao, simu juu ya kichwa:
huko wanazo maktaba za muziki, za nyota,
za kuchora nywele za katuni zikipepea.
Ya kupimia korosho, hawana.

Ndipo nikakumbuka. Jana usiku nilikubali masasisho,
herufi moja tu, kwa usingizi,
nayo ikafagia kila ilichokiona hakina mwenyewe.

Penye kona ya uzio kijana wa kangomba ameegesha pikipiki,
bakuli lake mapajani. Hasemi kitu.
Anajua bakuli halihitaji maktaba.

Nikampigia Chinguile, aliyeiandika.
Siku hizi yuko Liwale, anafuga nyuki.
"Ile? Niliitengeneza usiku mmoja,
mizani ilipokuwa inaongea lugha yake peke yake.
Sikuiweka popote. Angalia mashine ya zamani."

Mashine ya zamani iko Kitangari, bondeni,
inauzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Nikashuka kwa bodaboda, kona juu ya kona,
nikipishana na bomba linalopanda na maji yetu,
na nguzo za umeme unaoyasukuma maji,
nikawa nahesabu nani anamtegemea nani
mpaka dereva akaniuliza kama naswali.

Bisibisi sikuwa nayo. Tukaifunga mashine nzima kwa mpira.
Tulipoifungua Newala, panya alishazaa ndani;
Bi Somoe akavihamishia vitoto kwenye kofia ya mlinzi,
mlinzi hajaambiwa.

Ilikuwemo. Kilobaiti kumi na nne.
Pembeni yake faili la maelezo, mstari mmoja:
Usiguse. Nitarudi kueleza.

Saa tisa alasiri nikainakili mahali pake,
nikaendesha ldconfig, mshale ukapata nyumba.
Kioo kikaandika 0.3, na juu ya mizani hakuna gunia.
Wote wakanigeukia. Mzee Nalyoto akauliza
hizo gramu mia tatu ni za nani.
Bi Somoe akainama, akaokota kufuli la ghala,
akalitia mfukoni.
Sifuri.

Gunia la kwanza, themanini na moja nukta nne.
Kijana wa kangomba akawasha pikipiki.
Kwenye foleni palikuwa na nafasi mbili
ambazo asubuhi hazikuwepo. Sikuuliza.

Usiku nikageuza daftari la ghala upande wa nyuma:
programu inaitegemea libmizani,
libmizani inamtegemea Chinguile,
Chinguile
nikakwama hapo, kalamu hewani.

Kesho yake nikairudisha mashine Kitangari.
Majirani walikuwa na macho mekundu.
Mlango wa stoo ulijipiga usiku kucha.