Saa Tisa Usiku, Ngamiani

Nafuta waya mgongoni mwa shujaa,
fremu kwa fremu.
Akipaa, watu watapiga makofi;
mkono wangu hawatauona.
Ndiyo kazi: ukionekana, umeharibu.

Singano kaleta karatasi ya chama.
Mhina anang'aka: "Tukisaini, kazi itahamishiwa kwingine,
na mkopo wa kompyuta haumsubiri mtu."
Hatumcheki. Kila mtu na mkopo wake.

Babu alikata mkonge Pongwe.
Kadi yake ya chama mama kaihifadhi koponi,
imeliwa pembe na mende.
Sikuwahi kumuuliza mzee ilimfaa nini.

Jina langu halimo mwisho wa filamu.
Nainama niliandike hapa.
Kalamu inagoma.

Mhina, macho kwenye kioo chake,
ananisukumia ya kwake.